Mawasiliano yasikatike visiwani: mwongozo kwa afisa wa sera, Unguja na Pemba

Afisa anayepewa dawati la mawasiliano ndani ya SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar) husikia mapema sentensi moja: "Hilo ni la Muungano." Kwa upande mmoja ni kweli. Posta na simu zimo katika orodha ya mambo ya Muungano ndani ya Katiba ya 1977, leseni na masafa hutolewa na TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), na sheria inayotawala ni Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Lakini hebu orodhesha vinavyozima simu na intaneti Unguja na Pemba: umeme uliokatika, dizeli iliyokwisha, kijiko cha mkandarasi wa barabara, nanga, kibali kilicholala mezani. Karibu vyote viko mikononi mwa taasisi za Zanzibar. Umeme ni wa shirika la umeme la Zanzibar (ZECO), biashara ya mafuta inadhibitiwa na mamlaka ya udhibiti wa huduma (ZURA), barabara na ardhi ni za SMZ, masuala ya mazingira yako kwa mamlaka ya mazingira (ZEMA), na boti za doria ni za kikosi cha kuzuia magendo (KMKM). Kwa hiyo afisa wa Zanzibar hana leseni ya kushika wala kunyang'anya, lakini ameshika karibu kila kitu ambacho mtandao unasimama juu yake. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa msingi huo.

Hatua ya 1: Andika nani ana mamlaka gani

Kazi hii ni ya siku 3 au 4. Chukua karatasi moja, uigawe safu nne: kitu chenyewe, taasisi yenye mamlaka, kifungu cha sheria, na namba ya mtu wa zamu anayepokea simu usiku. Safu ya nne ndiyo inayokosekana katika nyaraka nyingi, na ndiyo itakayohitajika kwanza.

Upande wa Muungano weka TCRA na ofisi yake ya Zanzibar, kikosi cha TZ-CERT kinachopokea taarifa za matukio ya kimtandao, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na Jeshi la Polisi. Upande wa SMZ weka wizara yenye dhamana ya mawasiliano, ZICTIA yenye miundombinu ya TEHAMA ya Serikali, Mamlaka ya Serikali Mtandao, ZECO, ZURA, Shirika la Bandari, ZEMA, Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Kila sheria inayopitishwa na Bunge, soma kwanza kifungu cha matumizi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa mfano, inatumika pande zote mbili isipokuwa kifungu cha 50. Nyingine zinagusa Zanzibar kwa mambo ya Muungano pekee. Waraka unaonukuu sheria isiyofika huku utarudishwa na Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, na utakuwa umepoteza miezi.

Hatua ya 2: Chora njia halisi, usichore mikataba

Kosa kubwa kuliko yote katika fani hii ni kuhesabu mikataba ukadhani umehesabu njia. Taasisi inalipia kampuni mbili, inaamini ina njia mbili. Ukifuatilia unakuta kampuni ya pili imekodi uzi wa faiba ndani ya mkonga (kebo) wa ile ya kwanza, nyuzi zote zimo katika bomba moja, na bomba lenyewe limo ndani ya mtaro mmoja wa barabara. Kijiko kimoja kinakata zote.

Ukiomba ramani kwa barua ya kawaida, utaletewa mchoro wenye mistari iliyonyooka na rangi nzuri, usiofaa kwa lolote. Omba faili la KMZ, yaani ramani ya kidijitali yenye vipimo vya mahali halisi, lenye njia, chemba, minara mikuu, vituo ambako mkonga wa baharini unaingia nchi kavu, na chanzo cha umeme cha kila kituo. Weka mafaili ya kampuni zote juu ya ramani moja. Kisha tembea. Chukua fundi wa kampuni, sheha wa eneo, na kifaa cha GPS, mfungue chemba moja baada ya nyingine katika sehemu ambazo mistari inakutana. Kwa njia inayotoka Mjini kwenda Fumba au Mkokotoni, tenga siku nzima kwa kila upande. Usiache kufungua chemba kwa sababu mchoro unaonyesha vizuri. Mchoro ulichorwa kabla ya kazi, na kazi ilikutana na mawe.

Halafu uliza kampuni za simu swali hili, kwa maandishi: "Ikikatika njia yote ya baharini kwenda Tanzania Bara, je, mteja aliye Amani anaweza kumpigia aliye Mwembeladu?" Wengi hudhani jibu ni ndiyo, kwa kuwa minara yote miwili iko Unguja. Inategemea mitambo inayounganisha simu imewekwa wapi. Ikiwa iko Dar es Salaam, simu ya mtaa kwa mtaa inavuka bahari na kurudi, na mkonga ukikatika mnara unabaki na taa zake lakini hauunganishi mtu. Uliza vivyo hivyo kuhusu pesa za simu, ujumbe mfupi, namba ya dharura 112 na ya zimamoto 114. Kwa Pemba swali liwe kali zaidi: ikikatika njia ya Unguja, je, Pemba ina njia yake ya kufika Bara?

Majibu ya swali hilo moja yana thamani kuliko ripoti ya kurasa 100. Yakionyesha kwamba kisiwa hakijitegemei hata kwa simu za ndani, hapo ndipo pa kuanzia majadiliano na TCRA.

Ramani ikikamilika, iwe siri. Mtu anayetaka kuzima kisiwa hahitaji kitu kingine zaidi yake. Nakala kamili ibaki kwa watu wachache wenye majina yaliyoandikwa. Mkandarasi apewe kipande cha eneo lake tu.

Hatua ya 3: Umeme kwanza, mambo mengine baadaye

Zanzibar ina somo lake katika hili. Mei na Juni 2008 Unguja ilikaa gizani takribani mwezi mmoja. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa miezi mitatu, kwa sababu waya mmoja wa baharini, wa megawati 45, uliowekwa 1980 kati ya Ras Kiromoni na Fumba, ulishindwa. Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010, na Unguja ilipata waya mpya wa megawati 100 mwaka 2013. Hali ni bora sana sasa, lakini muundo haujabadilika: visiwa viwili vinavyopokea umeme wao kwa waya wa baharini. Sera ya mawasiliano isiyoanza na umeme haijakijua kisiwa.

Piga hesabu mwenyewe, usiishie kusoma neno "betri zipo" katika ripoti ya kampuni. Chukua mnara wenye mzigo wa kilowati 2. Kuuendesha saa 8 bila umeme kunahitaji kilowati-saa 16. Betri za risasi zisishushwe chini ya nusu kila mara, hivyo unahitaji kilowati-saa 32, na kwa mfumo wa volti 48 hiyo ni takribani ampia-saa 667. Betri za lithiamu zinaweza kutumika asilimia 80 ya uwezo wake, kwa hiyo kilowati-saa 20, yaani ampia-saa 417 hivi, zinatosha. Ukikuta mnara wa mzigo huo una ampia-saa 200 za risasi, ujue utadumu chini ya saa 2 na nusu kwa matumizi salama, hata kama ripoti imeandika 8.

Na hizo ni betri mpya. Betri ya risasi inayokaa kwenye joto hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. Kabati la chuma linalopigwa na jua la Kaskazi, kiyoyozi chake kikiwa kimekufa, linaua betri za miaka 6 ndani ya miaka 3. Kwa hiyo kifungu chako kidai kipimo cha betri kwa kuzimaliza chaji chini ya mzigo, mara moja kwa mwaka, na matokeo yaletwe kwa kila kituo. Kipimo cha volti peke yake hakisemi kitu: betri iliyochoka huonyesha volti nzuri mpaka uipe kazi.

Jenereta nayo ina maradhi yake. Inayoshindwa kuwaka mara nyingi haina ubovu wa injini. Betri yake ya kuwashia ndiyo iliyokufa. Inayojaribiwa kila wiki bila mzigo hujaza masizi na mafuta mabichi kwenye bomba la moshi, ikaja kuchoka siku ya kazi. Agiza jaribio la saa 1 kila mwezi ikiwa imebeba mzigo halisi wa kituo, na umeme wa ZECO uzimwe kwenye swichi kuu ili ijulikane kama swichi ya kubadilisha inafanya kazi yenyewe.

Sasa dizeli. Kituo kikuu chenye jenereta inayotumia lita 3.5 kwa saa kinakunywa lita 84 kwa siku, lita 588 kwa wiki. Kwa vituo vikuu vya Unguja, akiba ya siku 3 ni kiwango cha chini kinachoeleweka. Kwa Pemba tunashauri siku 7, kwa sababu mafuta hufika kwa chombo na upepo wa Kusi haumsikilizi mtu. Tangi liwe na kufuli na kipimo kinachotuma taarifa, maana dizeli huibwa kidogo kidogo na kijiti cha kupimia hakisemi uongo wala ukweli mpaka mtu afike.

Jambo la mwisho katika umeme ni la kiserikali kabisa. Kaa na ZURA, ZECO na Kamisheni ya Maafa muandike orodha ya kipaumbele: mafuta yakipungua, nani anapewa kwanza? Hospitali ya Mnazi Mmoja, Hospitali ya Abdulla Mzee iliyopo Mkoani, pampu za maji za ZAWA, viwanja vya ndege, kisha vituo vikuu vya mawasiliano kwa majina yake. Orodha isiyo na majina ya vituo itabishaniwa kwenye foleni ya pampu. Na mwambie ZECO ni laini zipi zinazolisha vituo hivyo, ili mgao wa umeme ukipangwa zisizimwe kwa kutojua.

Hatua ya 4: Bahari

Duniani hutokea kati ya hitilafu 150 na 200 za mikonga ya baharini kila mwaka, na sehemu kubwa, asilimia 70 hadi 80, husababishwa na uvuvi na nanga. Papa na maadui wa kwenye sinema hawana sehemu kubwa. Mlango wa bahari kati ya Unguja na Bara ni wa maji mafupi, mita makumi tu, na una msongamano wa boti, majahazi na meli zinazosubiri kuingia Malindi, bandari ya Unguja. Mlango wa Pemba ni jambo jingine: unafika takribani mita 800, nanga haifiki chini, lakini kutengeneza huko kunahitaji meli maalumu ya mikonga.

Meli hiyo haipo Malindi wala Dar es Salaam. Tarehe 12 Mei 2024, mikonga ya EASSy na SEACOM ilikatika pamoja katika bahari ya kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya, ingawa hitilafu haikuwa kwetu. Kisa cha Tonga kinafundisha zaidi. Volkano ya Januari 2022 ilikata mkonga wao pekee wa kimataifa, na kisiwa kikuu kikangoja wiki 5. Visiwa vya nje, vilivyotegemea mkonga wa ndani, vilingoja zaidi ya mwaka mmoja. Afisa wa Pemba aisome habari hiyo mara mbili: kisiwa cha pili hungoja zaidi, isipokuwa kama mpango umeandikwa kabla.

Unachoweza kufanya ni hiki. Kwanza, vibali. Meli ya matengenezo ikifika inaweza kukaa siku nyingi ikisubiri forodha, uhamiaji, usalama, bandari na mazingira, wakati kuunga mkonga wenyewe ni kazi ya siku chache hali ya hewa ikiruhusu. Andaa fomu moja ya pamoja, isainiwe na taasisi zote wakati hakuna dharura, na iwe na ukomo: kibali cha matengenezo ndani ya saa 48. Tofautisha matengenezo na mradi mpya. Mkonga uliokwishafanyiwa tathmini ya mazingira haustahili kuanzishiwa tathmini nyingine ili uungwe pale pale.

Pili, wavuvi. Ramani yenye latitudo na longitudo haimsaidii nahodha wa mashua anayesoma bahari kwa alama za nchi kavu: mnara wa taa ukikaa juu ya mnazi fulani, kisiwa kikijificha nyuma ya ras. Kaa na kamati za wavuvi mtafsiri mstari wa mkonga kwa alama zao, kisha tangazeni kwenye madiko wakati wa mnada, maana hapo ndipo watu wapo. Rudia kila msimu. Wavuvi wa dago hutoka mbali, hawakuwepo kwenye kikao cha mwaka jana, na mara nyingi wao ndio wanaotia nanga wasipopajua.

Tatu, fidia. Sheria ya bahari ya Umoja wa Mataifa ya 1982, ambayo Tanzania imeiridhia, inasema katika ibara ya 115 kwamba mwenye chombo aliyepoteza nanga au nyavu ili asiharibu mkonga alipwe na mwenye mkonga, ikiwa alichukua tahadhari zote za busara kabla. Watu wengi pwani hawaijui haki hii. Nahodha ambaye nanga yake imekwama anaamua ndani ya dakika chache: akate kamba, au avute kwa nguvu ya injini? Akijua atalipwa, atakata. Tengeneza fomu ya ukurasa mmoja: jina la chombo, saa, alama za mahali, kilichopotea, saini za mabaharia wawili. Ipokelewe na ofisi ya uvuvi ya wilaya ndani ya saa 24 tangu chombo kurudi, muda uleule uliowekwa na mkataba wa Paris wa 1884, wakati mikonga ya telegrafu ilikuwa ikitandazwa baharini. Unguja yenyewe iliunganishwa na Aden kwa mkonga wa aina hiyo mwaka 1879, kwa hiyo haya si mambo mageni kwetu.

Nne, ufukwe. Kagua sehemu ambayo mkonga unatoka majini siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa inafika takribani mita 4, na siku hizo utaona kwa macho kilichofukuliwa na mawimbi. Piga picha mahali palepale kila mwezi. Ikiwa pana mashamba ya mwani, zungumza na akina mama wanaolima kabla ya kuchimba. Vigingi vyao haviuharibu mkonga, lakini mtaro wako unaweza kuharibu mavuno yao ya msimu mzima, na fidia yake iwe imeandikwa kwenye bajeti ya mradi.

Hatua ya 5: Mitaro ya nchi kavu

Faiba ifukiwe mita 1.2, na utepe wa onyo ulazwe sentimita 30 juu ya bomba. Hilo linawezekana kwenye udongo wa magharibi ya Unguja. Kwenye maweni ya mashariki na kusini, mkandarasi akikutana na jiwe hupunguza kina kimyakimya. Kifungu kimpe njia halali: kina kikipungua chini ya sentimita 80, bomba lifunikwe kwa zege na mahali hapo paandikwe kwenye ramani. Ukimkataza bila kumpa njia, ataficha.

Weka sharti kwamba hakuna anayechimba barabara bila kibali cha uchimbaji kinachopita kwa wenye faiba, maji na umeme, nao wajibu ndani ya siku 3 za kazi. Ukimya wa taasisi uhesabiwe kuwa ni ruhusa, lakini taasisi iliyonyamaza isidai fidia. Ndani ya Mji Mkongwe, ulio kwenye urithi wa dunia tangu 2000, ongeza kibali cha Mamlaka ya Hifadhi, na tarajia kazi ya mikono. Vichochoro havipitishi kijiko.

Hatua ya 6: Milango ya ndani ya mtandao

Hapa tutakwenda haraka, kwa sababu mafundi wa Mamlaka ya Serikali Mtandao wanayajua haya. Kazi ya sera ni kuyafanya yawe lazima.

Ukurasa wa kuingilia kwenye ruta usionekane kutoka intaneti. Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ya ufungaji, na cheti cha makabidhiano kisisainiwe kabla. Fundi wa kampuni iliyouza mtambo aingie kwa akaunti yenye jina lake, ifunguliwe kwa ombi, ijifunge baada ya saa chache. Akaunti moja inayotumiwa na watu 10 ndiyo inayoleta kesi zisizo na mtuhumiwa. Uthibitishaji wa hatua mbili usitegemee ujumbe mfupi kwa maafisa wakuu, kwa kuwa laini inaweza kuhamishwa kwa ulaghai. Saa za mitambo yote zilingane, la sivyo kumbukumbu za matukio hazitasomeka pamoja. Nakala ya mipangilio ya kila ruta na swichi ikae mahali pawili, Unguja na Pemba, moja ikiwa nje ya mtandao.

Jambo moja linasahauliwa: taasisi yenye namba zake za intaneti izithibitishe kwa AFRINIC, msajili wa namba za intaneti barani Afrika, kwa hati za kidijitali zinazosema ni mtandao gani wenye haki ya kuzitangaza. Februari 2008 kampuni moja ya Pakistan ilitangaza kimakosa njia ya YouTube, na kwa takribani saa mbili watu wa nchi nyingi wakapelekwa kusikofaa. Lakini hati hizo zijazwe kwa makini. Ukikosea ukubwa wa kipande cha namba, utakuwa umezikataa njia zako mwenyewe.

Hatua ya 7: Andika kifungu kinachopimika

Maneno "kwa kadiri itakavyowezekana" yaondoe. Ukiandika huduma ipatikane kwa asilimia 99.9, eleza kwamba hiyo inaruhusu saa 8 na dakika 46 za kukatika kwa mwaka. Asilimia 99.5 inaruhusu saa 44 hivi. Sema pia inapimwa wapi. Wastani wa nchi nzima huficha Micheweni. Wastani wa Pemba huficha Kisiwa Panza. Pima kwa wilaya, na matokeo yatangazwe.

Kwa taarifa za hitilafu, tunapendekeza ngazi tatu: simu ndani ya saa 1, maandishi mafupi ndani ya saa 24, ripoti ya chanzo ndani ya siku 30. Taarifa ya saa ya kwanza isitumike kuadhibu. Kampuni inayojua kwamba simu yake ya kwanza itageuzwa kuwa faini itachelewesha simu hiyo, na wewe utabaki kipofu wakati unapohitaji kuona. Adhabu iwekwe kwenye kuficha.

Na tafadhali, usichanganye usalama wa mtandao na udhibiti wa maudhui katika waraka mmoja. Ni kazi mbili tofauti. Zikichanganywa, wahandisi hunyamaza, wananchi huingiwa na shaka, na ile sehemu ya betri na mitaro haisomwi na mtu.

Sera inapitishwa na Baraza la Mapinduzi, sheria na Baraza la Wawakilishi. Mengi yaliyo humu hayahitaji hata moja kati ya hayo: kibali cha kuchimba, orodha ya mafuta na fomu ya nanga vinaweza kuanza kwa waraka au makubaliano ya taasisi. Vianze hivyo, huku sheria ikifuata. Jambo linalogusa leseni, kama vile mitambo ya kuunganisha simu kuwa visiwani, liandikie TCRA ukiambatisha majibu ya kampuni kutoka hatua ya 2.

Hatua ya 8: Zima ujaribu

Njia mbadala ambayo haijawahi kubeba mzigo haihesabiki. Mara mbili kwa mwaka, saa 8 usiku, baada ya kuwaarifu hospitali, viwanja vya ndege na TCRA, zima njia kuu ya mtandao wa Serikali kwa dakika 30. Pima mambo matatu: ilichukua sekunde ngapi kuhama, nini hakikuhama, na njia ya pili ilijaa kiasi gani. Ikiwa njia kuu inabeba gigabiti 40 na ya mawimbi ya redio inabeba 2, basi asilimia 95 ya mzigo haina pa kwenda, na lazima iwe imeamuliwa kabla nani anapita. Kama njia ya pili ni setilaiti, fanya jaribio moja wakati wa masika: setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu huchelewesha takribani nusu sekunde au zaidi kwa kwenda na kurudi, na masafa ya juu hudhoofika mvua ikiwa kubwa.

Jaribu pia watu. Piga namba za safu ya nne katika karatasi ya hatua ya 1, usiku huohuo. Washa redio za upepo za Kamisheni ya Maafa na simu za setilaiti zilizomo kabatini. Nyingi hukutwa betri zimekufa au malipo yameisha. Zoezi la pili la mwaka liongozwe kutoka Chake Chake bila msaada wa Unguja, yaani timu ya Pemba ifanye kazi kana kwamba boti haifiki na simu haiiti. Kila kilichoshindikana kiandikwe na jina la mhusika na tarehe ya kukitengeneza, na karatasi hiyo iwe ajenda ya kwanza ya zoezi linalofuata.